Je, bakteria wa bahari za baridi wanaila plastiki, au wanaishi juu yake tu?

Swali: Msomaji mmoja, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, ameandika hivi: «Nimesoma kwamba mikroplastiki imefika hadi bahari za Aktiki na Antaktiki, na pia kwamba wapo bakteria wanaokula plastiki. Je, katika maji yenye baridi kali kiasi hicho, bakteria wanaweza kweli kuishi juu ya plastiki? Na kama wanaweza, kwa nini tusitarajie kwamba watatusafishia bahari hizo, au hata tuwapeleke huko kwa makusudi?»

Jibu: Mwalimu, swali lako limegusa mahali penyewe, kwa sababu ndani yake yamo mambo mawili ambayo katika habari za kila siku huchanganywa mno: kuishi juu ya kitu, na kukila. Kwa jambo la kwanza jibu ni ndiyo bila kusita, kwani hakuna bahari yenye baridi kiasi cha kuiacha plastiki ikae bila kuvamiwa na vijidudu. Kwa jambo la pili jibu ni hapana, na hapana hiyo ina sababu za kikemia na za kibiolojia ambazo nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa ndizo zinazosahaulika. Katika bahari za ncha za dunia, plastiki huwa makazi ya vijidudu muda mrefu kabla haijawa chakula chao, na sehemu kubwa ya plastiki hiyo haiwi chakula kabisa. Kazi kubwa inayofanywa na bakteria na mwani wanaoishi juu yake ni kuamua itakwenda wapi: kama itaelea, itazama, itanaswa ndani ya barafu, au itamezwa na mnyama.

Chembe ya plastiki isiyozidi milimita 5, ambayo ndiyo tunayoiita mikroplastiki, haikai tupu kwa muda mrefu inapoingia baharini. Uso wake hauvutani na maji, na kwa sababu hiyo molekuli za kikaboni zilizomo majini, yaani mabaki ya protini, sukari na mafuta ya viumbe waliokufa, huunata na kuufunika kwa tabaka jembamba mno. Juu ya tabaka hilo ndipo wanapotua bakteria wa kwanza. Wanaofaulu kujishikiza hugawanyika na kutoa ute wa sukari unaowashikamanisha wao kwa wao, hata chembe nzima ikavikwa utando wenye uhai. Baadaye huja dayatomu, ambazo ni mwani wa seli moja wenye gamba la silika (madini yanayotengenezea kioo), pamoja na vijidudu vikubwa zaidi vinavyowinda bakteria hao. Jambo hili halikuanza kujulikana jana. Mwaka 1972, Carpenter na Smith walipoeleza kwa mara ya kwanza habari za vipande vya plastiki vilivyokuwa vikielea katika Bahari ya Sargasso, iliyo ndani ya Atlantiki, tayari walitaja dayatomu na haidroidi, yaani wanyama wadogo wa jamii ya kiwavi-bahari, waliokuwa wamejishikiza juu ya vipande hivyo. Hata hivyo, ilipita miaka 41 kabla ya Zettler, Mincer na Amaral-Zettler kuzichambua jamii hizo kwa kusoma DNA yake na kuzipa jina la plastisfia, mwaka 2013.

Sasa tuiweke chembe hiyo katika maji ya Aktiki. Maji ya bahari huganda yanapofika karibu na nyuzi −1.8 za sentigredi, na maji yaliyo jirani na barafu hukaa karibu na kiwango hicho kwa muda mrefu wa mwaka. Kwa kawaida kasi ya mimenyuko ya kikemia ndani ya seli hupungua mara mbili hadi tatu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, hivyo tusishangae kwamba utando unaokomaa kwa siku chache katika bahari ya joto huhitaji muda mrefu zaidi hapa. Lakini mimi huona kwamba wanaoitazama ncha ya dunia kwa kipimajoto peke yake hukosa nusu ya habari. Nusu nyingine ni mwanga. Wakati wa kiangazi jua halitui, dayatomu huongezeka kwa wingi wa ajabu, na chembe inayoingia majini wakati huo hukutana na mwani unaotafuta mahali pa kushika. Wakati wa majira ya baridi giza hudumu kwa miezi, mwani hupungua sana, na chembe ile ile hupokewa zaidi na bakteria wanaoishi kwa mabaki ya viumbe wengine. Kwa hiyo utando wa plastiki katika bahari za ncha za dunia hufuata kalenda kama unavyofuata joto, na sampuli iliyochukuliwa mwezi mmoja wa kiangazi haiwezi kutusimulia mwaka mzima.

Wakazi wenyewe ni akina nani? Wengi wao ni wa makundi ya Flavobakteria na Gammaproteobakteria, na majina ya jenasi yanayojirudia katika tafiti za bahari za baridi ni kama Polaribacter, Colwellia, Psychrobacter na Pseudoalteromonas. Hawa hawavumilii baridi tu, bali wameumbika kwa ajili yake. Utando wa seli ya kawaida hukakamaa katika baridi na kushindwa kupitisha virutubisho. Wao huujaza asidi za mafuta zisizoshiba, ambazo hubaki laini hata karibu na nyuzi sifuri. Vimeng'enya vyao, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko ya kikemia, vina maumbo yanayonyumbulika kuliko vya bakteria wa joto, na kwa hiyo hufanya kazi kwa nishati kidogo, ijapokuwa gharama yake ni kwamba huharibika upesi joto linapopanda. Wengine hutengeneza protini zinazoshika barafu. Mfano ninaoupenda ni bakteria aitwaye Marinomonas primoryensis, aliyepatikana katika ziwa moja la Antaktika, ambaye ana protini ndefu kupita kiasi inayomwezesha kujifunga chini ya barafu, na protini hiyo hiyo ina sehemu ya kumshikiza kwenye dayatomu. Ninamtaja kwa sababu anaonyesha kwamba kujishikiza kwenye kitu kigumu, karibu na mwanga na karibu na mwani, ni desturi ya kale ya vijidudu vya maeneo hayo. Kipande cha plastiki kwao ni sakafu nyingine tu, tofauti yake ikiwa kwamba sakafu hii haiyeyuki wala haiozi.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha swali lako. Ili bakteria aile plastiki, hana budi kwanza kuikata nje ya mwili wake, kwa kuwa mnyororo wa polima, yaani molekuli ndefu inayoifanya plastiki, ni mkubwa mno kupita kwenye utando wa seli. Katika PET, plastiki ya chupa za vinywaji, mnyororo huo una viungo vya esta ambavyo maji na kimeng'enya kinachofaa vinaweza kuvikata. Ndiyo maana bakteria Ideonella sakaiensis, aliyetangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2016, aliweza kuishi kwa kula PET. Hata hivyo alifanya hivyo katika nyuzi 30, juu ya utando mwembamba wa plastiki ambayo molekuli zake hazikupangika kwa ukaribu. Polietilini na polipropilini, plastiki za mifuko na vifungashio, ambazo ndizo zinazoelea na kusafiri mbali zaidi, hazina viungo vya namna hiyo. Uti wao wote ni kaboni iliyofungamana na kaboni, na kabla ya kimeng'enya chochote kupata mahali pa kuanzia, kwa kawaida lazima oksijeni iwe imekwisha kuingizwa kwenye mnyororo na mionzi ya urujuanimno ya jua. Katika ncha za dunia mionzi hiyo karibu haipo wakati wa majira ya baridi, hufika kwa mshazari wakati wa kiangazi, na kwa chembe iliyo ndani ya barafu yenye theluji juu yake hufika kidogo sana. Mkato wa kwanza huchelewa, na yote yanayofuata huchelewa pamoja nao.

Tunayo majaribio ya kutusaidia kupima jambo hili. Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya vijidudu 34, yaani bakteria 19 na kuvu 15, waliotolewa katika udongo wa milima ya Alps, Greenland na Svalbard, na kulishwa plastiki mbalimbali katika nyuzi 15. Vijidudu 19 viliweza kuvunja poliuretani, na 17 viliweza kuvunja mchanganyiko wa plastiki zinazotengenezwa ili zioze. Juu ya polietilini ya kawaida hakufaulu hata mmoja, ijapokuwa waliachiwa siku 126. Yafaa tukumbuke pia kwamba nyuzi 15 ni joto ambalo bahari ya Antaktiki haijui, na kwamba waliofanya vizuri zaidi walikuwa kuvu wa udongoni. Mwaka huo huo, watafiti wa Uholanzi walitumia polietilini yenye kaboni iliyowekewa alama ili waifuatilie hadi inapogeuka kuwa hewa ya ukaa, na wakaonyesha kwamba bakteria Rhodococcus ruber anaweza kuigeuza kwa kadiri ya asilimia 1 hivi kwa mwaka, baada ya plastiki hiyo kuchomwa kwanza kwa urujuanimno, na katika maabara ambako hapakuwa na chakula kingine cha kumvutia. Naliheshimu sana jaribio hilo kwa sababu ya njia yake. Majaribio mengi ya zamani yalipima uzito wa plastiki kabla na baada, na uzito unaweza kupungua kwa sababu bakteria wamekula viungo vilivyotiwa kiwandani ili kuilainisha, au mabaki mafupi yaliyokatwa na jua, huku mnyororo wenyewe ukibaki salama. Kufuatilia kaboni yenyewe hakuachi nafasi ya udanganyifu huo.

Kwa sababu hiyo hiyo nakuomba uwe mwangalifu unaposoma kwamba bakteria wanaokula mafuta wamekutwa juu ya plastiki ya ncha za dunia. Ni kweli kwamba wapo. Oleispira antarctica, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2003 kutokana na maji ya pwani ya Antaktika, huishi kwa haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni zilizomo katika mafuta, na hukua vizuri katika baridi, na baada ya mafuta kumwagika katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, jamaa za Colwellia ziliongezeka katika maji ya kina yenye nyuzi 5 hivi. Lakini molekuli ya mafuta ya petroli ina kaboni kadhaa au makumi kadhaa, na mnyororo wa polietilini una maelfu. Kumkuta mla mafuta juu ya polietilini kunatuambia kwamba kuna kitu hapo kinachofanana na mafuta; hakutuambii kwamba chembe yenyewe inapungua.

Kama plastiki hailiki, basi utando unafanya nini? Unaibadilishia safari. Polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji ya bahari, na zikiwa safi huelea. Dayatomu zenye magamba ya silika, ute, na chembe za udongo zinazonaswa kwenye ute huo huongeza uzito hadi chembe inaanza kushuka. Katika maji ya baridi kushuka huko kuna sura yake, kwa kuwa maji yaliyo karibu na nyuzi sifuri ni mazito kutiririka karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 25, na chembe ndogo hupita ndani yake polepole zaidi. Hubaki kwa muda mrefu katika kina ambacho wanyama wanaochuja maji wanalisha. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walionyesha kwamba krili wa Antaktiki, mnyama mdogo anayefanana na kamba, aliyepewa chembe za polietilini za maikromita 31.5, huzisaga tumboni hadi baadhi zikawa ndogo kuliko maikromita moja. Chembe haikuliwa kwa maana ya kugeuzwa chakula. Imefanywa ndogo zaidi na kurudishwa majini, tayari kupokea utando mpya.

Barafu ndiyo inayozitenga bahari hizi na nyingine zote, na hapa nitakaa kidogo zaidi. Maji ya bahari yanapoganda, chumvi haikubaliwi ndani ya fuwele za barafu. Husukumwa kwenye mifereji myembamba ya maji ya chumvi kali inayopenya barafu yote, na pamoja na chumvi hunaswa humo vijidudu, ute wake, na chembe zilizokuwa zikielea. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani walitangaza kwamba katika barafu ya Aktiki walihesabu hadi chembe 12,000 za mikroplastiki katika lita moja, na zaidi ya nusu ya chembe walizozikuta zilikuwa ndogo kuliko sehemu ya 20 ya milimita. Upande wa kusini, nguzo ya barafu iliyochimbwa mashariki mwa Antaktika mwaka 2009 na kuchambuliwa baadaye ilitoa chembe 96 za aina 14 za polima. Ukiwaza kwamba seli, ute na plastiki vimebanwa pamoja katika mifereji ambayo upana wake mara nyingi hauzidi unywele, na kwamba vitakaa humo kwa miezi au miaka, utaona kwamba barafu si ghala tu. Ni mahali pa kukutanishia. Barafu inapoyeyuka, haiachilii plastiki tupu bali plastiki iliyokwisha kukaliwa, na huiachilia katika majira yale yale ya kuchipuka kwa mwani, wakati wanyama wa bahari wanapokula kwa pupa.

Mwani mmoja unastahili kutajwa kwa jina. Melosira arctica ni dayatomu inayoota chini ya barafu ya Aktiki kwa nyuzi ndefu zenye kunata, nyingine zikifikia mita kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta katika mwani huo wastani wa chembe 31,000 za mikroplastiki kwa mita moja ya ujazo, takriban mara 10 ya maji yaliyouzunguka. Barafu inapoyeyuka mwani huu hushuka kwa kasi, tena kwa mafungu, na mwaka 2012 mafungu yake yalionekana kwenye sakafu ya bahari katika kina kinachozidi mita 4,000, yakiliwa na viumbe wa huko. Hapo una njia iliyonyooka kutoka juu ya bahari hadi vilindini, na aliyeitengeneza ni kiumbe hai. Matope ya sakafu ya bahari kati ya Greenland na Svalbard yamekutwa na chembe zaidi ya 6,000 kwa kilo moja, na ninaamini kwamba bila mwani na bakteria hatuwezi kueleza jinsi plastiki nyepesi ilivyofika huko kwa wingi huo.

Utando pia hubeba abiria. Mwaka 2003 ilielezwa habari ya mkanda wa plastiki wa kufungia mizigo uliokutwa katika Kisiwa cha Adelaide, magharibi mwa Rasi ya Antaktika, ukiwa umekaliwa na wanyama wa makundi makuu matano. Ni kweli kwamba vitu vya asili navyo husafiri. Mwani mkubwa uliokutwa ufukweni Antaktika na kuchunguzwa mwaka 2018 ulikuwa umeelea kwa zaidi ya kilomita 20,000 kutoka visiwa vya mbali. Lakini mwani hatimaye huoza, ilhali mkanda wa plastiki unaweza kusubiri mkondo mwingine, na mwingine tena. Katika King George, kisiwa kingine cha eneo hilo, bakteria waliotolewa kwenye kipande cha polistirini, plastiki ya povu la kufungashia, walionyesha usugu dhidi ya viuavijasumu kadhaa. Sisemi kwamba plastiki ndiyo iliyouleta usugu huo, kwa kuwa bakteria wa udongo na wa bahari wana usugu wa asili tangu zamani. Nasema kwamba ndani ya utando seli hukaa bega kwa bega, na ukaribu huo hurahisisha kubadilishana jeni. Kuhusu magonjwa ya binadamu, wasiwasi wangu ni mdogo kuliko unaosomwa magazetini: Vibrio, jenasi yenye bakteria wa kipindupindu, wamekutwa juu ya plastiki katika Atlantiki na katika bahari za kaskazini mwa Ulaya, lakini spishi zinazotudhuru hupenda joto, na kusoma jina lake katika DNA si sawa na kumkuta akiwa hai na mwenye nguvu za kuambukiza.

Nikirudi kwenye wazo lako la kupeleka bakteria kwa makusudi, naliona kuwa wazo la mtu mwenye nia njema, lakini haliwezekani na halifai. Bakteria anayekata plastiki katika nyuzi 30 atakuwa kama amelala katika nyuzi −1. Akiwa mmoja wa wanaopenda baridi, atakuta majini chakula kilicho rahisi mno kuliko plastiki na atakichagua hicho, kama wanavyofanya waliokwisha kuwapo. Zaidi ya hayo, Itifaki ya Ulinzi wa Mazingira ya Mkataba wa Antaktika, iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991 na kuanza kutumika mwaka 1998, hairuhusu kuingizwa kwa viumbe wageni bila kibali, na inadai tahadhari mahususi dhidi ya kuingiza vijidudu. Itifaki hiyo hiyo imekataza kupeleka Antaktika punje za polistirini za kufungashia mizigo.

Pamoja na katazo hilo, kipande kingine cha polistirini kiliokotwa kwenye ufuo wa King George kikiwa kimeota mwani, kuvumwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja) na mimea midogo isiyo na maua. Juu yake walikuwapo Cryptopygus antarcticus, viumbe wa miguu sita wenye urefu wa milimita moja au mbili, ambao kwa kawaida hulisha juu ya mwani na kuvumwani za nchi kavu. Walikuwa wamekifuata kile kilichoota, na watafiti walipowachunguza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, waliikuta polistirini ndani ya matumbo yao.